Kijana kashiba mashallah, ama uzito umezidi?

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 7, kilo 26, urefu sentimita 120. Nyanyake huku Langoni kila akimuona ni "mashallah, mwana kashiba". Nimepiga hesabu ya BMI, ile ya uzito kwa urefu, kwa simu nikapata 18, si huyu ni mwembamba?

Jibu: Hapo ndo wengi wanapokosea dadangu. Hesabu yako iko sawa, 1.20 mara 1.20 ni 1.44, chukua kilo 26 gawanya kwa hio yaja 18 na kidogo. Kwa mtu mzima chini ya 18.5 ni mwembamba kweli, lakini mtoto hapimwi kwa mizani ya babake. BMI ya mtoto hushuka akishaanza kukimbiakimbia, inafika chini kabisa miaka 5 ama 6 hivi halafu yaanza kupanda tena, kwa hivo namba peke yake haina maana mpaka uisome na umri na uangalie ni wa kike ama wa kiume. Kwa grafu za WHO, Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 7 wa katikati yuko kama 15.5, akipita 17 uzito umezidi, akipita 19 huo ndo unene wenyewe. Wako ashavuka mstari wa kwanza, wa pili bado.

Swali: Na ule mkanda wa rangi wa mkononi? Mdogo wake alitoka kijani.

Jibu: Ule watafuta waliokonda. Kijani haisemi kama amezidi. Wa chini ya miaka 5 huangaliwa uzito kwa urefu wake, na akiwa hajafika miaka 2 hupimwa urefu amelala.

Swali: Huyu mkubwa nilimpima mwenyewe mlangoni na tepu ya fundi, ni sawa?

Jibu: Alivua ndara? Na kofia ya vito je? Nauliza manake sentimita 4 za uongo tu, yaani 124, BMI yashuka mpaka 16.9 na wewe wajiona uko salama. Kisigino kiguse ukuta, macho mbele, kitabu kigumu juu ya kichwa, pima mara mbili. Halafu mpeleke kliniki wahakikishe, kwani BMI haijui mafuta na misuli.

Swali: Nimpunguzie chakula?

Jibu: Usimfungishe njaa! Bado anarefuka, mara nyingi watoto kama hawa wataka uzito usimame tu urefu uufikie, na kumuita bonge mbele ya wenzake hakumpunguzi hata gramu. Muache acheze mpira ufuoni maji yakitoka, saa moja kwa siku. Soda na kachri za kutoka shule ndo za kuanza nazo, kabla hujagusa sahani yake ya wali.