Rangi ya taa za dashibodi na kuona usiku, inahusiana vipi?

Wengi wakiona dashibodi inawaka nyekundu au rangi ya chungwa wanadhani ni urembo tu, kumbe nyuma yake kuna hoja nzima ya jinsi jicho linavyozoea giza, na hoja yenyewe ni ya kweli ila watu wameikuza kupita kiasi.

Jicho kwanza. Kwenye retina, yaani ukuta wa nyuma ndani ya jicho, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga, koni na rodi. Koni ni kama milioni 6, ndizo zinakupa rangi na kukuwezesha kusoma vitu vidogo, lakini zinataka mwanga wa kutosha. Rodi ni kama milioni 120, rangi hazijui ila giza ndo lao. Ndani ya rodi kuna kemikali inaitwa rodopsini, ikipigwa na mwanga mkali inavunjika na rodi zinakuwa hazina kazi kwa muda, halafu ukirudi gizani inajijenga upya taratibu sana, yaani koni zinamaliza kuzoea ndani ya dakika 10 hivi lakini rodi zinaweza kuchukua dakika 30 na zaidi. Huko ndo kuzoea giza kwenyewe. Kuzoea huko kunapotea kwa sekunde chache tu, ila kurudi ni nusu saa.

Sasa rangi inaingiaje hapo? Rodi zinaitikia zaidi mwanga wa kijani unaoelekea bluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi (nanomita ndo kipimo cha mawimbi ya mwanga, kila rangi na urefu wake), ila ukishavuka 620 kwenda kwenye nyekundu zinakaribia kutoona kitu. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkyně, aliliandika hili mwaka 1825, kwamba giza likiingia maua mekundu yanaonekana meusi wakati majani bado yanaonekana vizuri. Kwa hiyo ukisoma geji kwa mwanga mwekundu hafifu koni zinasoma na rodi zinabaki na giza lao. Mwaka 1916 mwanasayansi wa Kijerumani, Trendelenburg, akaja na miwani myekundu ya kuvaa madaktari wa eksirei kabla hawajaingia chumba cha giza, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia nyambizi zikawa zinawasha taa nyekundu ndani. BMW nao wakakaa miaka mingi na chungwa inayoelekea nyekundu.

Lakini gari sio nyambizi jamani. Taa zako za mbele zinamulika barabara muda wote, kwa hiyo jicho la dereva halifiki kwenye lile giza kamili, linakaa katikati, koni na rodi zote ziko kazini. Na akija mtu mbele yako na taa full, rodopsini inaondoka hata kama dashibodi yako ni nyekundu kama damu. Ndo maana mimi nasema ukali wa mwanga ni muhimu kuliko rangi, kijani iliyopunguzwa vizuri ni bora kuliko nyekundu iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Nyekundu nayo ina shida zake. Lenzi ya jicho inaukunja mwanga mwekundu kidogo kuliko bluu, hivyo kusoma namba nyekundu kwa karibu jicho linajikaza zaidi, na mtu mwenye umri wa miaka 50 analisikia hilo. Kuna wanaume pia ambao macho yao yanaona nyekundu imefifia tangu kuzaliwa. Halafu kama dashibodi nzima ni nyekundu, ile taa ya onyo ya oili au breki nayo nyekundu, utaitofautisha haraka vipi?

Bluu ndo siipendi kabisa kwa usiku. Inazigonga rodi, jicho halishiki vizuri kingo za maandishi yake, na kwa wazee inasambaa ndani ya lenzi. Volkswagen waliitumia sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, bluu yenye mishale myekundu, ilipendeza kweli, baadaye wakahamia nyeupe.

Siku hizi tatizo kubwa ni hizi skrini pana za katikati, ramani nyeupe inawaka usoni usiku kucha. Iweke kwenye mfumo wa usiku au izime kama huihitaji. Saab, kampuni ya magari ya Sweden, walikuwa na kitufe cha kuzima taa zote za dashibodi isipokuwa spidi mita, na hilo ni wazo zuri kuliko rangi yoyote ile. Kwenye gari yako tafuta kitufe cha kupunguza mwanga, shusha mpaka namba uzisome kwa kutupa jicho mara moja tu, halafu angalia kioo cha mbele na cha pembeni, ukiona dashibodi inajionyesha humo basi bado ni kali, endelea kushusha.