Kuzingatia viwango siyo kukidhi viwango

Juzi tena nimeoneshwa karatasi. Rafiki yangu kaongeza jiko na bafu, kavuta na umeme mpya, kamaliza kumlipa fundi, afu ananiletea kikaratasi anasema "cheti ninacho". Nikasoma: kazi imekamilika na imezingatia viwango vyote, ahsante. Chini kuna jumla ya pesa, sahihi, na mhuri wa bluu umekaa upande. Jamani, hiyo ni risiti yenye adabu tu, cheti hapo hamna.

Cheti cha ukidhi ni karatasi ambayo mtu mwenye ruhusa ya kuitoa anaandika kwamba kazi hii, ya nyumba hii, ilipimwa tarehe fulani kwa kiwango fulani na imefika. Basi, maana yake ndo hiyo. Sehemu nyingine fundi mwenye leseni anaruhusiwa kuithibitisha kazi yake mwenyewe, kwingine lazima aje mkaguzi.

Kinachonikera ni hilo neno kuzingatia. Kuzingatia ni kuliweka jambo akilini, na fundi anaweza kuzingatia viwango kutwa nzima kwa moyo safi kabisa na bado ukuta ukawa na waya uliochubuka, hajasema uongo, alizingatia kweli, ila kazi haijakidhi. Kukidhi ni kufika, kutimiza. Limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndo huohuo uliotupa kadhi, yule anayekaa akasikiliza akatoa hukumu. Mimi hiyo naipenda sana maana inakukumbusha kwamba ili kitu kikidhi lazima kuwe na hukumu, kuna mtu kashika kipimo mkononi kaangalia kasema ndiyo au hapana. Kuzingatia hakuna hakimu, kila mtu anajizingatia mwenyewe huko moyoni.

Na neno cheti lenyewe limetuponza kidogo. Lilikuja kutoka Kihindi, chitthi, yaani barua au kijikaratasi cha ujumbe, sisi tukaisikia ile che ya mwanzo tukalipanga pamoja na chumba na chakula, wingi ukawa vyeti. Kwa asili yake basi karatasi yoyote iliyoandikwa kitu ni cheti, kwa hiyo fundi akikupa chochote chenye maandishi hajakosea sana kilugha, kakosea kwenye kile ulichomwomba.

Ndo maana watu wanachanganya na stakabadhi, ambayo nayo ukiisikiliza vizuri utasikia kabidhi humo ndani: pesa imetoka mkono huu imeingia mkono ule, haisemi chochote kuhusu ukuta wako. Dhamana nayo ni ahadi ya kesho, kwamba kikiharibika ndani ya muda fulani nitarudi kurekebisha. Nzuri kuwa nayo, lakini mtu anaweza kukuahidi kurudi kutengeneza kitu ambacho leo hii hakijakidhi, na kama hatari yenyewe ni umeme kuvuja bafuni, kurudi baadaye kunamsaidia nani?

Kuna na wale wanaokuonesha nembo ya ubora kwenye waya. Ule waya ulikidhi ukiwa kiwandani, hakuna aliyejua utakunjwa vipi nyuma ya soketi yako.

Cheti chenyewe cha umeme ukikishika utakitambua kwa namba. Kuna kipimo cha insulesheni ya waya, yaani ile ngozi inayozuia umeme usitoke nje ya waya, ambacho kwa nyaya za kawaida za nyumbani wanapima kwa volti 500 na kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka usomaji usipungue megaomu 1. Kuna usomaji wa ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kuna ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya nyumbani mara nyingi ni ya miliampia 30, na hapo hawaandiki "inafanya kazi", wanaandika ilikata ndani ya milisekunde ngapi, maana uvujaji ukifika hizo 30 inatakiwa iwe imekata kabla ya milisekunde 300. Mabomba nayo yana namba zake: yalijazwa presha kiasi gani, yakaachwa muda gani, mshale ulishuka au ulibaki palepale. Karatasi isiyo na namba hata moja na isiyotaja kiwango hata kimoja, sijui hukumu yake imetoka wapi.

Halafu muda wa kuiomba siyo siku ya kuagana. Bomba likishapigwa plasta na kuwekewa marumaru hamna wa kuliona tena, na fundi akishapokea malipo ya mwisho simu yake inakuwa na matatizo ya mtandao ya ajabu ajabu, kwa hiyo haya mambo yanaandikwa kwenye makubaliano mwanzoni kabisa, cheti gani, kitatolewa na nani, na pesa ya mwisho inasubiri nini.

Rafiki yangu nilimwambia asigombane na mtu. Ampigie amuulize tu taratibu, ulipima? ulisoma ngapi? Kama alipima hizo namba zitakuwa kwenye daftari lake au hata kwenye picha za simu, akae aziandike vizuri, aweke kiwango alichotumia, tarehe na namba ya leseni yake. Kama hakupima, aitwe mwenye mashine ya kupimia kabla kabati za jiko hazijafungwa, maana nyuma ya ile ya kona ndo ilipo boksi walipoungia waya.