Msanii kujitenga: dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayejifungia na kazi yake anaringa, au ana majini.

Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, mchongaji asipoonekana barazani siku tatu, maneno huanza. Lakini tazameni kazi yenyewe. Gogo la mpingo lina kiini cheusi kilichozungukwa na mbao nyeupe, na kiini hicho mara nyingi huficha ufa au shimo. Kabla tezo haijashuka, fundi huligeuza gogo huku na huku, akaamua kichwa kikae wapi na mkono upite wapi ili ufa uondoke na vipande vinavyotupwa. Mpangilio wote huo ameushika kichwani. Akipigiwa hodi hapo, humponyoka. Akirudi huanza kukisia, na tezo hupita mahali palipopaswa kuwa mkono. Kilichokatwa hakirudi.

Dhana: Basi msanii wa kweli hukaa peke yake siku zote.

Hapana. Vinyago vya ujamaa, vile vya watu waliobebana, vilikulia mikononi mwa wachongaji waliokaa pamoja. Kupiga msasa na kung'arisha mnaweza kufanya huku mkipiga soga. Faragha inatakiwa wakati wa kupanga na wakati wa kuchonga macho na midomo.

Dhana: Mawazo mazuri huzaliwa kikaoni.

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanne waliofikiri pamoja na wanne waliofikiri kila mtu peke yake. Mawazo ya waliotengana, yalipojumlishwa, yalikuwa mengi zaidi. Sababu mojawapo ni zamu: mmoja anaposema wengine husubiri, na wazo linalosubiri husahaulika. Kikundi cha ngoma kinachotunga wimbo mpya kimpe kila mtu dakika 15 za kutunga peke yake, ndipo mkutane.

Dhana: Faragha ni upweke.

Faragha umeichagua na ina mwisho, upweke umekushika. Kazi ikiisha na bado unawakwepa watu, hiyo si sanaa tena. Tafuta mtu wa kuzungumza naye.

Saa mbili za alfajiri zinatosha, kabla jua halijawa kali. Waage wa nyumbani na uwatajie saa utakayotoka, maana kinachowaudhi ni kutojua. Simu ibaki chumba kingine. Ukilazimika kuitika, weka kwanza alama ya chaki pale tezo ilipokuwa inaelekea.