Chapa ya kale ya mandhari ni nini?

Ni picha iliyochapwa kwa mkono kutoka kwenye bamba lililochongwa. Hata ikiwa inafuata mchoro wa mtu mwingine, kila karatasi iliyotoka kwenye bamba lile ni kazi halisi, hata zikiwa mamia.

Chukua picha mbili za Giant's Causeway, zile nguzo za basalti (mwamba mweusi mgumu) zipatazo 40,000 katika pwani ya Antrim, Ayalandi Kaskazini. Mchoraji Susanna Drury alizichora kwa rangi, akatunukiwa tuzo mwaka 1740. Miaka michache baadaye mchongaji François Vivares akazichonga kwenye shaba. Michoro yenyewe ingeonwa na wachache, lakini chapa zilienea Ulaya. Mwanajiolojia Nicolas Desmarest alipokuta nguzo za namna hiyo Auvergne, Ufaransa, mwaka 1763, zikiwa sehemu ya mkondo wa lava ya kale, hoja kwamba basalti hutokana na volkano ilipata nguvu.

Mchongaji hukata mistari kwa chuma chenye ncha, au huiachia asidi iile shaba. Picha huchongwa kinyume, kulia kuwa kushoto. Wino hupakwa bamba zima kisha hufutwa, ubaki mferejini tu, yaani ndani ya mistari iliyochongwa. Muhuri wa ofisini hufanya kinyume chake, wino hukaa palipoinuka. Karatasi yenye unyevunyevu hupitishwa pamoja na bamba katikati ya rola mbili, ikazama mferejini na kubeba wino. Ndiyo maana mistari huinuka kidogo ukiipapasa, na ukingo wa bamba huacha alama iliyobonyea pande zote.

Shaba ni laini, hivyo bamba huchakaa kadiri linavyochapwa. Karatasi za mwisho hupauka, na mistari iliyo myembamba zaidi ndiyo hutangulia kupotea.

Ukitaka kununua, shika lenzi ya kukuza mara 10. Mistari isiyokatika ni dalili njema. Nukta zilizopangwa kwa safu ni dalili ya uchapaji wa kisasa. Alama ya bamba pekee isikudanganye, maana hubonyezwa hata kwenye bandia, na chapa halali nyingi zimekatwa pembezoni zitoshee fremu. Chini kushoto, jina lenye “delin.” au “pinx.” ni la mchoraji, kulia, “sculp.” ni la mchongaji. Rangi nazo mara nyingi zilipakwa na wauzaji baadaye sana.

Madoa ya kahawia huletwa na unyevu, na kadibodi yenye asidi nyuma ya picha huigeuza karatasi kuwa ya njano. Usiyasugue wala kuyatia jiki: badilisha kadibodi, kisha tundika picha mbali na jua.