Kilomita tano na binti yangu: kwa nini yeye ndiye anayeshika mwendo

Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, mimi na binti yangu tulirudia kuitazama ile mita mia ya mwisho hata sijui mara ngapi. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Binti yangu, miaka tisa, akaniuliza kama na yeye anaweza kukimbia. Sisi tunaishi Moshi, na Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa hapa kwetu tangu 2003, ina mbio za kilomita 5 pia. Nikamwambia tutakimbia wote.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Mwaka wa 12 huu natibu magoti, nyonga na visigino, na bado nilianza vibaya. Nilichukua programu yangu ya nusu marathoni nikaipunguza: siku nne kwa wiki, mwendo mmoja usiobadilika, saa mkononi. Wiki ya tatu nilimwona akitoka kitandani anakanyaga kwa vidole. Nikamkalisha, nikakibana kisigino chake pande zote mbili kwa kiganja. Alivuta mguu kwa nguvu na machozi yakamlenga.

Hilo tatizo nalikuta kliniki kila mara kwa watoto wa kati ya miaka 8 na 14 hivi, hasa wanaopenda mpira na mbio. Mfupa wa kisigino cha mtoto haujawa kipande kimoja. Nyuma yake kuna sehemu ya ukuaji ambayo bado ni gegedu, laini kuliko mfupa, na papo hapo ndipo inaposhika ile kano nene, kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, inayotoka kwenye kigimbi. Mtoto akirefuka haraka, mfupa hutangulia na misuli hubaki nyuma, hivyo kigimbi hukaza. Sasa ongeza hatua elfu kadhaa juu ya lami: kila hatua inavuta palepale palipo laini. Kwa mtu mzima sehemu hiyo imeshafunga, ndiyo maana mbio zilezile mimi hazikuniumiza.

Tiba yake haina makuu. Tulisimamisha mbio wiki tatu, tukaweka kipande cha sponji ngumu ndani ya raba kuinua kisigino kidogo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa jioni, na kunyoosha vigimbi taratibu ukutani. Hupona, na hakiachi kilema. Lakini maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, uvimbe, homa, au kuchechemea kusikoisha ni habari nyingine. Hayo yapeleke hospitali, usiyaite ya kukua.

Aliporudi barabarani nilibadilisha kitu kimoja tu: nilimkabidhi mwendo. Yeye anatangulia, mimi nafuata. Na hapo ndipo nilipoona kwa macho yale niliyoyasoma darasani.

Mtoto hakimbii mwendo mmoja kama basi la safari ndefu. Anachomoka, anasimama, anatembea akiokota kitu, anachomoka tena. Mzazi huona ni utundu, kumbe mwili wake umeumbwa hivyo. Miguu yake ni mifupi, kwa hiyo umbali ninaoumaliza kwa hatua mbili yeye anataka tatu, na kwa kila kilo ya uzito wake anatumia hewa nyingi kuliko mimi katika mwendo uleule. Ninapojisikia natembea tu, yeye anafanya kazi kweli. Upande mwingine, misuli yake haizalishi tindikali nyingi kama yangu anapochomoka, na mapigo yake hushuka upesi. Baada ya kile kilima cha karibu na kwetu tulisimama wote. Dakika moja baadaye yeye alikuwa tayari, mimi nimeshika kiuno. "Mama, bado tu?"

Kwa hiyo tunakimbia siku tatu kwa wiki, dakika 25 hadi 35, kukimbia na kutembea vikichanganyika anavyotaka yeye. Siku zilizobaki anacheza rede na wenzake, na sioni kama zimepotea: kuruka, kukwepa na kugeuka ghafla hujenga mifupa na wepesi ambao barabara iliyonyooka haimpi. Saa inayosoma mapigo nimeivua. Moyo wa mtoto ni mdogo, kila pigo linasukuma damu kidogo, basi hufidia kwa kupiga haraka. Mapigo 170 katika mbio za kawaida yangenitisha mimi, kwake hayana neno. Kipimo changu ni hadithi za shule. Akiweza kunisimulia nani kagombana na nani bila kukatika pumzi, mwendo unafaa. Akinyamaza, natembea.

Kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa sababu mtoto anayekupenda atakimbia mbali kuliko mwili wake unavyotaka, ili mradi umfurahie. Mwaka 2006 kule India, Budhia Singh, mtoto wa miaka minne, alikimbia kilomita 65 kutoka Puri hadi Bhubaneswar kwa saa 7 na dakika 2. Umati ulimshangilia njia nzima. Baadaye serikali ya jimbo ikamzuia kukimbia mbio ndefu, na mimi ningekuwa upande wa serikali. Kwamba mtoto ameweza hakuonyeshi kwamba alipaswa.

Joto nalo. Mbio zetu huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na mnajua jua la Moshi miezi hiyo. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo jua likiwaka hupokea joto haraka, na jasho lake ni kidogo kuliko letu. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uji wa ulezi nusu kikombe au ndizi mbivu kabla, maji kila anapotaka, na nikiona amesahau namkumbusha. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu sivipendi hata kwa mtu mzima, na mtoto hana shughuli navyo.

Kabla hujaanza, jua afya ya mtoto wako. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu (sikoseli), na kwa mtoto huyo kuchoka kupita kiasi, kiu na baridi ya alfajiri vinaweza kuamsha maumivu makali. Si lazima azuiwe kucheza. Daktari anayemfuatilia ndiye apange kiasi. Mwenye pumu naye aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni, isibaki nyumbani.

Raba tulizipata soko la Memorial hapa Moshi, za mitumba, na ni nzuri kabisa. Nilizikunja: zinapinda kwenye vidole, hazipindi katikati. Mbele pabaki upana wa kidole gumba. Tafadhali msinunue zile za "atakulia humo", mguu unaoteleza ndani ya kiatu unafanya kazi mara mbili.

Leo tumebakiza wiki nne. Kilomita 5 ameshazimaliza mara moja, dakika 47, katikati tukasimama kumwangalia mbuzi aliyezaa. Kila Jumapili jioni namkalisha na kubana visigino vyote viwili, naye ameshazoea, ananyoosha mguu kabla sijamwambia. Kesho amechagua barabara za mtaa wa Shanty Town. Anasema anapenda kwa sababu miti inakutana juu.