Kabla ya kunitajia kwotabeki, nitajie waliosimama mbele yake

Kila ikikaribia Agosti, watu waungwana kabisa huniandikia kuhusu futiboli ya Kimarekani ya vyuo: "Kaka, tupe wachezaji watano wa kuangaliwa msimu huu." Nikiwauliza wao wangemweka nani, naletewa kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi), mkimbiza mpira, wapokeaji wawili wa pasi, na mlinzi mmoja aliyewahi kuonekana kwenye video fupi akimbwaga mtu. Juzi nimeletewa orodha hiyohiyo tena, safari hii na mtu anayefuatilia futiboli ya vyuo miaka mingi kuliko mimi. Basi naandika.

Mimi nalipwa kutazama video za mechi, shambulizi moja baada ya jingine, na mara nyingi mpira wenyewe siutazami. Nawatazama wakingaji watano, yaani wanaosimama mbele ya kwotabeki kuwazuia walinzi wa timu pinzani wasimfikie: senta katikati, gadi kila upande wake, na mkingaji wa pembeni kila mwisho. Timu ya chuo inaweza kuwa na mpokeaji wa nyota tano anayekimbia kama upepo, lakini njia yake inahitaji sekunde tatu ili ifunguke. Kama hao watano hawawezi kumpa kwotabeki sekunde tatu, huyo mpokeaji atamaliza msimu akiwapungia mkono waamuzi.

Tuchukue Texas ya 2025. Kwa mara ya kwanza katika historia yake ilianza msimu ikiwa namba moja kwenye kura ya AP, ambamo waandishi wa habari huzipanga timu bora 25 nchini. Jina midomoni mwa watu lilikuwa moja: kwotabeki Arch Manning, mjukuu wa Archie; baba zake wadogo ni Peyton na Eli, nao wote watatu walikuwa makwotabeki maarufu. Kijana ana mkono mzuri na miguu mizuri, sibishi. Lakini mwaka 2024 alikuwa ameanza mechi mbili tu, kwotabeki mkuu Quinn Ewers alipoumia. Na jambo lililopita chini chini katika tathmini nyingi nilizosoma ni kwamba wanne kati ya watano waliomkinga Ewers walikuwa wameondoka: Kelvin Banks Jr., Hayden Conner, Jake Majors na Cameron Williams. Alibaki DJ Campbell, gadi wa kulia. Banks peke yake alikuwa ameshinda Outland na Lombardi, tuzo kubwa za wachezaji wa safu za mbele, kisha New Orleans Saints wakamchukua wa tisa katika drafti, ambako timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo. Huyo si mtu unayemtaja kwenye aya ya mwisho ukishamaliza kusifu kila anayegusa mpira.

Mechi ya kwanza, Columbus, Ohio State walishinda 14–7. Oktoba 4 kule Gainesville, Florida walishinda 29–21 na Manning aliangushwa na mpira mkononi mara sita. Timu iliyoanza namba moja ikatoka kabisa kwenye orodha ya timu 25. Mara ghafla kila mtu akagundua kwamba Texas ina tatizo la wakingaji. Tatizo hilo lilikuwepo tangu Aprili, kwenye orodha ya drafti, bure, kwa yeyote mwenye macho.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi, kwa sababu wapo wanaojua kwamba wakingaji ni muhimu na bado wanalikosea. Hao huandika "wanarudi wanne kati ya watano" wakadhani wameshamaliza kazi. Kurudi kwa nani? Upande upi? Amecheza na nani bega kwa bega?

Angalia kinachotokea walinzi wawili wa wapinzani wanapopishana wakimfuata kwotabeki. Yule wa nje anaingia ndani, yule wa ndani anazunguka kwenda nje. Mkingaji wa pembeni na gadi wana muda mfupi sana wa kuamua: kila mmoja amfuate mtu wake, au wabadilishane? Hakuna muda wa kusemezana. Gadi anapaswa kujua, bila kugeuza kichwa, kwamba mwenzake ameshaona. Wakiwafuata watu wao hugongana wenyewe kwa wenyewe, na kwotabeki analala chali. Wakibadilishana mmoja akiwa na wasiwasi, anachelewa nusu hatua, na nusu hatua inatosha. Ujuzi huo haubebwi na mtu mmoja, unabebwa na wawili. Gadi mzoefu ukimpa jirani mpya, sehemu ya uzoefu wake imeondoka na yule jirani wa zamani. Ndiyo maana "wanarudi wanne" inaweza kuwa habari njema, na inaweza kuwa habari mbaya iliyovaa vizuri, hasa kama wa tano aliyeondoka ni senta. Senta ndiye anayesoma ulinzi na kuwaambia wenzake wageukie wapi.

Na uhamisho umeongeza ugumu. Siku hizi chuo kinaweza kununua wakingaji watatu wenye mechi thelathini kila mmoja kutoka vyuo vitatu. Kwenye karatasi una uzoefu wa kutisha. Uwanjani una watu watatu waliofundishwa kuita jambo moja kwa njia tatu.

Kuna mashaka ambayo wenzangu wa kazi hawapendi kuyatoa hadharani, na mimi nayatoa. Tukitazama video hatujui kocha aliagiza kinga gani. Tunaona mlinzi kapita kati ya gadi na mkingaji wa pembeni bila kuguswa, tunampa lawama mmoja wao, kumbe huenda alikuwa jukumu la mkimbiza mpira. Alama zinazotolewa kwa kila mkingaji baada ya mechi zina kisio ndani yake, hata zikiandikwa kwa desimali. Kuangushwa kwa kwotabeki nako si kosa la wakingaji peke yao. Anayeshikilia mpira muda mrefu anaiharibia jina safu nzima. Katika zile mara sita za Florida, nikikaa na mchambuzi mwingine mwaminifu tutatofautiana juu ya mgawanyo wa lawama kati ya Manning na waliomkinga.

LSU ya 2019 inanipa shida zaidi. Kwotabeki wake Joe Burrow, mwaka 2018, alikamilisha asilimia 57.8 ya pasi zake na kutoa pasi 16 za tachidauni, yaani za kufunga. Mwaka uliofuata alifika asilimia 76.3 na pasi 60 za tachidauni, timu ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi, na safu yake ya wakingaji ikapewa tuzo ya Joe Moore kama bora nchini. Je, wakingaji walimpandisha Burrow, au Burrow, kwa kuachia mpira mapema katika mfumo alioleta kocha Joe Brady kutoka Saints, aliwafanya wakingaji waonekane bora? Nimezirudia mechi hizo na bado siwezi kulitenganisha. Nadhani ni yote mawili, lakini kwa kiasi gani kila moja, sina namna ya kupima.

Na Florida State ya 2024 inapinga hata hoja yangu ya kuanza na wakingaji. Ilianza ya kumi kwenye kura ya AP, ikiwa na wakingaji wakongwe kama Maurice Smith na Darius Washington, ikapoteza mechi ya ufunguzi kule Dublin dhidi ya Georgia Tech 24–21, na ikamaliza na ushindi mbili na vipigo kumi. Uzoefu ulikuwepo. Haukusaidia. Anayekuambia kwamba kuhesabu mechi walizoanza wakingaji kunatabiri msimu, mwonyeshe hiyo.

Kwa hiyo orodha yangu huanza na senta, halafu mkingaji anayelinda upande ambao kwotabeki hauoni, halafu gadi aliye jirani na mgeni yeyote. Kwotabeki namweka baada ya hapo, na swali langu kwake ni moja: anauachia mpira haraka kiasi gani akishinikizwa? Wapokeaji nawapitia kwa mistari miwili. Walinzi wanastahili andiko lao.

Wazazi wa Houston na Columbus mnaoniuliza kama kijana wenu mwenye kilo 130 apunguze mwili ili awe mpokeaji: mwacheni kwanza na kocha wa wakingaji. Nanyi wengine, katika mechi ya kwanza ya ugenini msubiri jaribio la tatu (timu ina manne ya kusogeza mpira yadi kumi) zikiwa zimebaki yadi nane, uwanja ukipiga kelele hadi senta hasikiki. Msiutazame mpira. Tazameni kama wale watano wanaondoka kwa pamoja.