Kabla ya flashi ya pili, karatasi moja

Chukua kijiko cha chuma cha pua, ukitazame mgongo wake. Utaona dirisha, utaona taa ya darini, na uso wako umevutika kama wa mtu mwingine. Chuma chenyewe ni vigumu kukiona. Wanaoanza kupiga picha za bidhaa kwa flashi za studio huniuliza wanunue taa ngapi, nami huwarudisha kwenye kijiko hicho. Kazi yetu kubwa ni kupanga kitakachoonekana juu ya mgongo wake.

Mimi nilifundishwa na chupa. Ilikuwa chupa nyeusi ya mafuta ya nywele, kioo kinene, kifuniko cha rangi ya dhahabu na lebo ya karatasi. Nilikuwa na flashi moja ndani ya softiboksi, yaani kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga, na kwenye bega la chupa pakatokea mraba mweupe wenye kingo kali, katikati umeungua kabisa, weupe mtupu. Nikaongeza flashi ya pili ili kuufuta, nikapata miraba miwili. Ya tatu ikaleta wa tatu, na maandishi ya lebo yakaanza kupotea. Saa nzima niliongeza mwanga, ilhali kilichohitaji kubadilika ni umbo la mwanga ule wa kwanza.

Nitarudi kwenye chupa hiyo. Kwanza tumalize mambo ya kamera, maana ni machache na ukishayapanga huyagusi tena. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, tundu la lenzi f/11, shata, yaani mapazia ya kamera yanayofunguka na kufunga, 1/125 ya sekunde, kamera juu ya tripodi. Mwako wa flashi huisha upesi mno, shata ikiwa bado wazi, kwa hiyo kubadilisha shata kutoka 1/125 kwenda 1/60 hakuongezi mwanga wa flashi hata chembe. Kunaongeza mwanga wa chumba tu. Ukipandisha shata kupita kikomo cha kamera yako, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250, pazia la pili la shata linakuwa limeshaanza kufunika sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha, wakati flashi inawaka, na picha inatoka na mkanda mweusi upande mmoja.

Halafu zima flashi, upige picha moja. Inatakiwa iwe nyeusi tii. Ukiona chochote humo, balbu za chumba zinaingia kwenye kazi yako, na zitaacha umanjano kwenye vivuli ambao utahangaika kuuondoa baadaye kwenye kompyuta. Funga mapazia, zima balbu, rudia. Jaribio hili ni la sekunde kumi na sijawahi kuliacha.

Sasa umbali. Flashi ikiwa sentimita 50 kutoka kwenye bidhaa, ukiisogeza hadi sentimita 100 mwanga unaofika hubaki robo, kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini ukuta mweupe hutoka wa kijivu. Bidhaa iko sentimita 50 kutoka kwenye flashi, ukuta uko sentimita 150, yaani umbali wa mara 3, basi ukuta unapata sehemu moja ya tisa tu ya mwanga. Ukitaka ukuta uwe mweupe, uangazie peke yake, au rudisha flashi nyuma na kuiongezea nguvu. Ukitaka uwe wa kijivu, ushapata bure.

Turudi kwenye chupa. Niliondoa flashi zote isipokuwa moja. Kando ya chupa nikaning'iniza karatasi kubwa nyembamba inayopitisha mwanga, aina ile wanayotumia wachora ramani, karibu kabisa, nje kidogo tu ya fremu. Flashi nikaiweka nyuma ya karatasi hiyo, bila softiboksi. Chupa sasa haikuwa ikiiona flashi, ilikuwa inaiona karatasi. Mraba ukatoweka, na mahali pake pakashuka ukanda mrefu wa mwanga kutoka begani hadi kwenye kitako, mweupe katikati, ukififia taratibu hadi kwenye weusi wa kioo.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, na ningekuomba ucheze napo jioni nzima. Sogeza flashi ikaribie karatasi, ukanda unakuwa mwembamba na unafifia haraka. Irudishe nyuma, karatasi yote inawaka sawasawa na kioo kinaonekana bapa. Isogeze kushoto, mfifio unahamia upande wa pili. Taa ni ile ile, karatasi ni ile ile, na unazo chupa tatu tofauti.

Kioo kisicho na rangi kwenye mandhari meupe kina shida nyingine: kingo zake hupotea. Simamisha kadi mbili nyeusi, moja kila upande, nje kidogo ya fremu. Kingo zitaakisi weusi huo na chupa itajichora yenyewe. Ikiwa ndani mna kimiminika, kata kadi nyeupe kwa umbo la chupa, ndogo kidogo ili isichungulie, uisimamishe nyuma ya chupa kwa mshazari ili ipokee mwanga. Kimiminika kitawaka kama kina taa ndani.

Vumbi nalo lishughulikie mapema. Flashi huonyesha kila alama ya kidole, na dakika moja ya kitambaa laini na glavu inaokoa saa ya kusafisha picha.

Nikipewa bidhaa nisiyoijua, huanza gizani na tochi. Jicho langu huliweka pale lenzi itakapokuwa, kisha huizungusha tochi polepole kandokando ya bidhaa, nikiangalia mng'ao unapokimbilia. Unapotua pale ninapoutaka, mkono wangu uliposhika tochi ndipo karatasi inaponing'inizwa.